Maneno Ishirini

Meneja kanipa karatasi ngumu,
nakshi za mlango zimechapwa pembeni.
"Andika, Swafiya, huduma zetu za asili.
Kila moja maneno ishirini. Bei niachie mimi."

Nikaandika: Singo. Nikakwama.

Ishirini hayatoshi hata jiwe la kusagia liwa,
lililobonyea katikati kama godoro la mgonjwa,
wala Alhamisi ile, nyumbani Mkomani,
bibi yangu Barke kakaa na ungo mapajani,
asumini huku, mawaridi huku, rihani, karafuu, dalia,
akinifukuza kwa mguu:
"Toka hapa. Ya mwari si ya mwana."

Nilichungulia.
Siku ya saba mwari hajaliona jua.
Kwenye birika la chokaa samaki wawili wembamba,
kazi yao kula viluwiluwi vya mbu,
kata ikizama wakijibanza pembeni.
Bibi alianzia kisigino.
Alisugua mpaka taka zikatoka kama tambi,
mpaka goti la binti likang'aa kama sahani ya wageni.
Hakuwa na saa.
Alimaliza ngozi ilipomwambia basi.

Mimi, hapa Shela, nina saa ukutani: dakika tisini.
Mgeni kalala kifudifudi, uso kautia kwenye tundu la kitanda.
Sura zao sizijui. Najua mabega.
Huyu bega la kulia limepanda, ni mtu wa kompyuta,
kapanda ndege tatu ili aguswe.
Kuna filimbi inalia kwenye spika, sijui ya nchi gani.
Ukutani nyuma punda anashushwa madumu ya maji,
ananguruma kwa zamu yake.

"Desturi hii ni ya tangu lini?" aliniuliza kutoka tunduni.
Jibu nimefundishwa: miaka elfu moja.
Nikalitoa kama taulo safi.

Sikumwambia kuwa mama yake Barke
alisugua mabinti wa nyumba za orofa,
na mama wa mama yake hakuulizwa kama anataka.
Anayesuguliwa alikuwa na majina saba, yakivuka bahari hadi Hadhramauti.
Anayesugua alikuwa na moja, na hilo pia kapewa.
Mikono hii ilirithishwa pamoja na masinia.
Hayo yana maneno mangapi?

Jioni nikamsomea Bibi karatasi, ina neno moja.
Akauliza bei. Yuro sabini.
"Ni ngapi hizo?"
Nikamwambia. Akanyamaza. Akacheka mpaka akakohoa.
"Na mai ni haya haya?"
"Ni haya haya."
"Mimi nilipewa leso na sahani ya pilau.
Na bwana harusi akinuna, lawama."

Nikamuuliza, wewe ulisuguliwa na nani?
Akatazama kiganja chake kama mtu anayetafuta chenji.
"Nilikuwa na kazi siku ile," akasema.
Siku yake mwenyewe ya harusi.

Nilikuwa na singo kwenye kopo la jemu,
masalio ya mgeni wa asubuhi, nimeyaficha mkobani.
Nikailegeza kwa marashi. Nikatandika mkeka.
Alibisha kidogo, kwa ajili ya heshima, kisha akavua.

Miaka thelathini na mbili nimeishi naye,
mgongo wake sikuwahi kuuona.
Una baka jeusi chini ya bega, na uti umepinda
kushoto, upande wa jiwe.

Nikaanza kama nilivyofunzwa na cheti changu cha Mombasa.
"Swafiya, ni nani akukimbizao?
Yuu kidogo. Si hapo.
Hapo ni mfupa, mfupa hauna shida na mtu.
Hapo. Eeh. Hapo."

Akaacha kunielekeza. Nikaendelea.
Muadhini wa Isha akaita, akamaliza,
nasi bado tuko kwenye bega la kwanza.

Usiku wa manane nikaikumbuka karatasi ya meneja.
Ilikuwa chini ya kopo.
Duara la mafuta limeinywa nakshi yote,
limebakiza singo, na nafasi.